Dakika 80, gadi wanne

Swali: Kocha wa timu ya kikapu ya chuo huko Ngara ana gadi wanne hodari. Awagawie vipi muda?

Jibu: Mchezo una dakika 40, nafasi mbili za gadi zina 80. Kumpa kila mmoja 20 ni kosa, kwani anayefunga mfululizo atakatishwa.

Lakini anayeanzia benchi naye ana kazi: Chuo Kikuu cha Connecticut, alikochezea wakati huo Mtanzania Hasheem Thabeet, kilimweka gadi chipukizi Kemba Walker benchi msimu wa 2008/09. Gadi mwenzake Jerome Dyson alipoumia goti Februari, Walker alikuwa tayari. Dhidi ya Missouri alitokea benchi, akafunga pointi 23, timu ikafuzu nusu fainali ya kitaifa ya vyuo.

Basi, wawili wakuu wapate dakika 26 kila mmoja, wa tatu 18, wa nne 10. Wa nne asisahauliwe: madhambi matano humtoa yeyote. Kila mmoja aambiwe sehemu yake kabla basi halijaondoka kwenda kwenye mechi Biharamulo.