Paa la Nyumba Kongwe Minneapolis: Anza Darini

Ukinunua nyumba Minneapolis au St. Paul kwa bei ambayo mshahara wa nesi au wa dereva wa lori unaifikia, jua kwamba huenda nyumba hiyo imemzidi umri babu yako. Mitaa kama Powderhorn, Camden na Longfellow upande wa Minneapolis, au Frogtown na Payne-Phalen upande wa St. Paul, imejaa nyumba za mbao zilizojengwa miaka mia moja iliyopita na zaidi. Ni nyumba imara, na paa zake nyingi zina mteremko mkali unaosaidia theluji kuporomoka. Ila zilijengwa enzi za tanuru la makaa ya mawe, wakati hakuna aliyejali joto likipotelea juu ya dari. Matatizo mengi ya paa huku yanaanzia hapo.

Sisi tuliokulia chini ya mabati tunajua paa huvuja kwa sababu moja: pana tundu na mvua imenyesha. Unapanda, unalitafuta tundu la msumari, unaliziba kwa lami, umemaliza. Minneapolis paa zima, lisilo na tundu hata moja, linaweza kumwaga maji sebuleni katikati ya Januari, wiki ambayo nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri na halijadondoka tone la mvua tangu Novemba. Mgeni akiona hivyo humwita fundi wa kubadilisha vigae, hulipa maelfu ya dola, na Januari inayofuata maji yanarudi pale pale.

Chanzo ni joto la ndani. Hewa ya moto hupanda, hupenya kwenye matundu ya taa, kando ya dohani na kwenye kifuniko cha darini kisichobana, mpaka inafika chini ya mbao za paa. Theluji iliyolala juu huanza kuyeyuka kutokea chini. Maji yanateremka yakiwa yamefunikwa na theluji hadi kwenye upenu, na kwa kuwa upenu hauna chumba chini yake, wenyewe ni wa baridi kama nje. Yanaganda hapo. Kesho yanakuja mengine yanaganda juu ya ya jana, na baada ya wiki unakuwa na tuta la barafu kwenye ukingo wote wa paa. Nyuma ya tuta hilo maji yanatuama. Vigae vya lami vimepangwa kama magamba ya samaki: vinamwaga maji yanayoteremka, lakini haviwezi kuzuia maji yanayorudi nyuma na kupanda. Yakishapenya chini ya kigae yanafuata misumari, yanaingia ukutani, na wewe unayaona dirishani au kwenye kona ya dari.

Kwa hiyo theluji nyingi peke yake isikutie hofu. Ni kweli kwamba tarehe 12 Desemba 2010 paa la uwanja wa Metrodome, katikati ya Minneapolis, lilichanika kwa uzito wa theluji. Lakini lile lilikuwa la kitambaa kilichoinuliwa kwa hewa. Kenchi za nyumba yako zimebeba theluji tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kinachostahili kukutia wasiwasi ni ile michirizi mirefu ya barafu inayoning'inia kwenye upenu, ambayo wageni huipiga picha na kuwatumia ndugu nyumbani. Ikiwa minene na imejipanga upande mmoja wa nyumba, ujue joto unalolilipia linatokea hapo.

Ukague mwenyewe kwanza

Chagua asubuhi ya baridi kali, chukua tochi, vaa barakoa na glavu, uingie darini. Elekeza tochi kwenye ncha za misumari iliyotokeza chini ya mbao za paa. Zikiwa na vifundo vyeupe vya barafu, hewa yenye unyevu wa jikoni na bafuni inapanda hadi huko. Kisha tazama sufi ya kuzuia joto iliyotandazwa sakafuni. Penye mabaka meusi si kwamba pameungua. Hewa imekuwa ikipita hapo miaka mingi na sufi imekuwa ikichuja vumbi lake. Kila baka ni tundu la kuzibwa. Fuata pia bomba la feni ya bafu. Likiishia humo humo darini badala ya kutokeza nje, umempata mkosaji mkubwa bila kumlipa mtu senti.

Jambo moja ni la hatari. Ukikuta punje nyepesi za kijivu au kahawia zinazometameta, zimemwagwa kati ya boriti, usiziguse. Rudi chini ufunge. Hiyo ni vermikulaiti, na sehemu kubwa ya ile iliyouzwa Marekani ilichimbwa Libby, Montana, kwenye mgodi uliofungwa 1990, ikiwa imechanganyika na asbesto. Kiwanda kimoja cha kuisindika kilikuwa hapa hapa, kaskazini-mashariki mwa Minneapolis. Kuiondoa ni kazi ya kampuni yenye kibali cha asbesto. Ikithibitika kuwa ni ya chapa ya Zonolite, upo mfuko wa fidia unaomrudishia mwenye nyumba sehemu ya gharama.

Nyumba zisizo na vermikulaiti hutibiwa kwa hatua tatu, na mpangilio wake una maana: kuziba matundu ya hewa, kuongeza sufi, kisha kuhakikisha hewa baridi inaingia kwenye upenu na kutokea karibu na kofia ya paa. Ukimwaga sufi kabla ya kuziba matundu umefunika ugonjwa. Msimbo wa ujenzi wa Minnesota unataka nyumba mpya iwe na kiwango cha R-49 darini, yaani karibu sentimita 35 za sufi ya karatasi zilizosagwa. Nyumba kongwe nyingi hazifikii hata nusu. Kampuni za Xcel Energy na CenterPoint Energy zina huduma ya ukaguzi iitwayo Home Energy Squad, kwa ada ndogo, na wenye kipato cha chini hupewa bure. Ianze hiyo kabla ya kuzungumza na fundi yeyote wa paa.

Zile nyumba za ghorofa moja na nusu za miaka ya 1920, ambazo chumba cha juu kimebanwa chini ya mteremko wa paa, ndizo zenye usumbufu kuliko zote. Kati ya dari na mbao za paa mna nafasi ya vidole tu. Hapo usikubali makadirio ya mtu aliyeangalia nyumba akiwa ndani ya gari.

Maji yakiwa tayari yanadondoka

Usipande juu ya paa. Usichukue shoka, nyundo wala moto wa gesi, maana utavunja vigae au utachoma nyumba. Chumvi ya mawe ya kumwaga barabarani nayo inakula misumari na gata. Ukiwa umesimama chini, tumia reki ya theluji yenye mpini mrefu uvute theluji ya ukingoni, angalau mita moja kwenda juu, ukiangalia nyaya za umeme zisiguswe. Jaza kloridi ya kalsiamu kwenye soksi ndefu ya nailoni, uilaze ikikatiza tuta ili itoboe njia ya maji. Ndani, dari ikivimba, weka ndoo chini yake kisha uitoboe kwa bisibisi. Ukiiacha itaanguka yote kwa pamoja. Piga picha kila kitu kwa ajili ya bima.

Tuta kubwa huondolewa na watu wenye mashine ya mvuke, ambao hutoza dola mia kadhaa kwa saa. Uliza mapema kama ni mvuke kweli au ni maji ya shinikizo, kwa sababu shinikizo hung'oa changarawe ya vigae. Soma pia bima yako: nyingi hulipia dari na ukuta vilivyoharibika, lakini hazilipii kuliondoa tuta lenyewe.

Matengenezo ya kudumu yasubiri. Kwenye baridi kali kigae cha lami huwa kikavu na kuvunjika, na ukanda wake wa gundi haushiki mpaka joto lirudi. Fundi mwaminifu, Januari, atakuwekea kiraka au turubai na kukuandikia tarehe ya masika.

Fundi yupi

Hapa ndipo Waafrika Mashariki wengi wanapoumia, na wanaumizwa na wenzao sawasawa na wageni. Baada ya ibada, au kwenye kundi la WhatsApp, atajitokeza mtu: "Dada, hiyo kazi ndogo. Nipe elfu nne taslimu, Jumamosi vijana wangu wamemaliza. Kibali cha nini, si ni sisi kwa sisi?" Huenda kweli ni fundi mzuri. Lakini kijana wake akianguka kutoka juu bila bima ya wafanyakazi, kesi inaweza kukufikia wewe. Mjibu kwa heshima: "Kaka, nipe namba ya leseni yako niiangalie, kisha tuzungumze." Mwenye leseni hatakasirika.

Leseni hutolewa na Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota, na unaweza kuihakiki mtandaoni bure kwa dakika moja, pamoja na rekodi ya adhabu kama ipo. Jimbo lina mfuko wa kuwafidia wenye nyumba waliotapeliwa, ila unamhusu aliyeweka mkataba na mwenye leseni na akashinda mahakamani. Kibali cha manispaa achukue fundi kwa jina lake. Anayekuomba wewe uende ukakichukue ana jambo analificha.

Kiangazi, baada ya mvua ya mawe, wauzaji watakuja kugonga mlango wakisema paa lako limeharibika na bima italipa yote. Kila bima ina sehemu ya kwanza ya gharama ambayo mwenye nyumba hulipa mwenyewe. Mkandarasi akikuahidi kuifuta au kukurudishia, anavunja sheria ya Minnesota, na kwa bima yako huo ni udanganyifu. Kama umesaini mkataba unaotegemea fedha za bima na bima ikakataa, una saa 72 za kuuvunja tangu ulipoarifiwa.

Mwombe kila fundi aingie darini. Hiki ndicho kipimo changu, na sijaona kinachokizidi. Anayekubali kwa tochi mkononi ni wa kusikilizwa. Anayesema "huko si kazi yetu" anauza vigae tu.

Mkataba wa nyumba kongwe unahitaji mambo ambayo nyumba mpya haihitaji. Chini ya vigae vya sasa huenda kuna tabaka la vigae vya zamani, na chini yake vipande vya mwerezi vilivyopigiliwa kwenye pao zilizoachana. Fundi akishaezua ndipo utaambiwa kwamba vigae vipya havipigiliwi hewani, kwa hiyo paa lote linahitaji mbao za kutandika. Bei ya kila ubao iandikwe kabla. Pili, utando wa kuzuia barafu unaobandikwa chini ya vigae sharti ufike angalau sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Utando huo huja kwa roli zenye upana wa sentimita 91, na upenu wa nyumba nyingi za zamani ni mpana, hivyo roli moja haitoshi. Pima upenu wako mwenyewe uhesabu. Tatu, bati linaloziba maungio ya dohani liwe jipya. Kurudishia la zamani ndiyo njia ya mkato ninayoiona mara nyingi kuliko zote.

Usimalize kulipa mpaka upewe hati za kuthibitisha kwamba muuza vigae na vibarua wameshalipwa. Kwa sheria ya Minnesota, ambaye hakulipwa na mkandarasi anaweza, akifuata taratibu za notisi, kuandikisha dai juu ya nyumba yako ndani ya siku 120, na unaweza kujikuta unalipa mara mbili.

Wapangaji nao wasinyamaze. Paa linalovuja ni jukumu la mwenye nyumba. Mwandikie barua, ubaki na nakala. Zikipita siku 14 bila matengenezo unaweza kuiweka kodi mahakamani badala ya kumpa yeye. Ukiwa Minneapolis piga 311 uombe mkaguzi. Shirika la HOME Line hutoa ushauri wa kisheria bure kwa wapangaji wa jimbo zima.

Makadirio yachukuliwe Machi na Aprili, theluji inapoondoka na kabla mvua ya mawe haijawajazia mafundi kazi. Kazi ya darini ifanyike kabla ya Novemba.