Mbwa wa Jirani na Kuku Wako

Hapa Likasi nyua zetu zimekaribiana, na mbwa asiyefungwa huingia kwa jirani usiku. Asubuhi mama akuta manyoya tu.

Swali: Mwenye mbwa akisema, «Alitoroka, sikumtuma», je, hana deni?

Jibu: Analo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 261, yamdai mwenye mnyama hasara yote, hata mnyama akiwa amepotea au ametoroka.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chapambanua zaidi. Ng'ombe akiua ng'ombe wa mwingine, wenyewe wawili wagawana hasara. Lakini ikiwa alijulikana tangu zamani kuwa mkali, na bwana wake hakumzuia, atalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Basi usinung'unike kwa watu wengine. Mwendee jirani siku ile ile, umwonyeshe kuku aliyeumwa, na mzee mmoja asikie. Tangu hapo hawezi kusema hakujua.

Sumu usitege kamwe. Mtoto aweza kuiokota, na deni hilo litakuwa lako. Nao kuku walale bandani, mlango umefungwa. Hata nyoka hupenda mayai.