Somo: Sinema Inakugharimu Shilingi Ngapi?



Mara ya mwisho ulipotazama sinema, ulilipa shilingi ngapi? Huenda utasema: "Sikulipa kitu, nilitazama kwenye simu." Soma somo hili, kisha ujibu tena.

Gari la sinema

Zamani sinema ilikuja kijijini kwa gari. Kati ya mwaka 1935 na 1937 filamu za mafunzo zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori likazipeleka vijijini. Baada ya Uhuru, mwaka 1961, magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka. Watu walikaa uwanjani wakatazama bure. Lakini gari lilikuja kwa nadra.

Ukumbi wa mjini

Mtu wa Uru aliyetaka sinema ya Kihindi alishuka Moshi mjini. Alilipa tiketi, nauli na chakula. Sinema ilipokwisha usiku, magari ya kupanda Uru yalikuwa yamekwisha. Alitembea, au alilala kwa ndugu.

Video na televisheni

Miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video. Baadaye vilienea vibanda vya video, ambavyo watu waliviita "vibanda umiza" kwa sababu ya kubanana. Kiingilio kilikuwa kidogo, na mara nyingine filamu ilitafsiriwa kwa Kiswahili. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kumbi nyingi za sinema zilikosa watu, zikafungwa. Mwaka 2013 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Moshi, na watu wakanunua ving'amuzi. Siku hizi wengi hutazama kwenye simu.

Tupige hesabu

Tuseme nyumba ina watu 5. Kila mmoja hutazama filamu 4 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano tu:

Kibandani: sh. 500 × watu 5 × mara 4 = sh. 10,000.
King'amuzi: malipo ya mwezi = sh. 12,000. Umeme na bei ya kununua vyombo ni mbali.
Simu, kila mtu na yake: bando la sh. 2,000 × watu 5 × mara 4 = sh. 40,000.

Umeona? Njia iliyoonekana ya bure ndiyo ghali kuliko zote. Hatuioni gharama yake kwa sababu tunalipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Fedha hizo ndizo za sabuni, sare za shule na dawa ya kahawa.

Somo hili halikukatazi sinema. Aliyefanya kazi anastahili burudani. Lakini kaeni nyumbani, mume, mke na watoto, mpange pamoja.

Maswali

1. Kwa nini kumbi nyingi za sinema zilifungwa?
2. Nyumba inayotazama kila siku ichague njia gani? Eleza sababu.
3. Andika katika daftari bei za kwenu. Piga hesabu ya mwezi mmoja, kisha ya miezi 12.
4. Jadilini: Tulipata nini tulipotazama pamoja uwanjani, ambacho hatukipati kila mtu akiwa na simu yake?