Kidaraja cha Mfupa na Sauti ya Gitaa

Gitaa kuukuu la umeme likianza kuvuma kama nyuki, wengi hulaumu kikuza sauti au husema shingo imepinda. Mwanafunzi na apige kwanza kila uzi ukiwa wazi, kisha aubane kwenye freti ya kwanza, yaani kile kipande cha chuma kilichokingama shingoni, aupige tena. Iwapo uvumi husikika uzi ukiwa wazi tu, yaelekea sana kasoro imo katika kidaraja kilicho karibu na kichwa cha gitaa. Uzi ukibanwa, kidaraja hutoka katika hesabu.

Kisiwani Mafia kasoro hii haishangazi. Hewa ya chumvi hushikisha kutu nyuzi za chuma, na kila zikazwapo huukwaruza mfuo wake kama tupa. Mfuo ukizama mno, uzi hugusa freti ya kwanza.

Marin Mersenne, Mfaransa, alichapa mwaka 1636 kanuni za nyuzi: idadi ya mitetemo kwa sekunde hupungua kadiri urefu unavyoongezeka, na hulingana na kipeuo cha pili cha mkazo. Tuchukue uzi wa milimita 648 unaotetemeka mara 82.4 kwa sekunde. Noti inayofuata huizidi kwa kizidisho cha 1.0595, basi 648 ÷ 1.0595 ni 611.6, na freti ya kwanza itakuwa milimita 36.4 kutoka kidaraja. Kidaraja kipya kikisogea milimita 3 kuelekea freti, uzi wazi wenye mkazo uleule utatoa 82.8, ilhali noti za kwenye freti hazibadiliki. Gitaa litapingana na nafsi yake.

Mifuo ikiwa juu mno, kidole huuvuta uzi kuushusha hadi freti. Mkazo ukipanda kwa asilimia 1, mitetemo hupanda kwa nusu ya asilimia: 87.3 huwa 87.7.

Mfupa wa ng'ombe kutoka buchani wafaa kuliko plastiki laini. Uoshwe kwa sabuni, ukaushwe kivulini, na anayeusugua afunike pua kwa kitambaa, maana vumbi lake ni baya. Viboko wa Mafia na kasa wa bahari yake, ambayo sehemu yake ni hifadhi tangu 1995, tuwaache: meno na magamba yao si mali ya karakana.

Legeza nyuzi, kata rangi kandokando ya kidaraja cha zamani kwa kisu kikali, kigonge taratibu kwa kipande cha mti hadi kiachie. Usikitupe, ndicho kielelezo cha upana na cha nafasi za mifuo. Sawazisha mfupa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, kisha chonga mifuo kwa tupa nyembamba. Kila mfuo uiname kidogo kuelekea kichwani, ili uzi uachane na mfupa kwenye ukingo wa mbele. Vinginevyo urefu ule wa 648 hautakuwa wa kweli.

Hapa ndipo pa subira. Mafundi majahazi wa Jibondo wajua kuwa ubao uliokatwa mfupi haurefushwi. Chonga kidogo, rudisha uzi, ubane kati ya freti ya pili na ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza: ipite karatasi nyembamba tu. Uzi ukiigusa freti, umeshavuka mpaka. Itakubidi uanze na mfupa mwingine. Mwisho tia gundi tone moja, kwani siku moja kidaraja hiki nacho kitang'olewa.