Gari la kufunua paa, Nachingwea hadi Ruangwa

SWALI: Nafanya biashara ya korosho hapa Nachingwea. Natamani gari dogo la michezo, la kufunua paa, niwe nakwenda nalo Ruangwa. Raha yake ni ya kweli au ya kwenye picha tu?

JIBU: Raha ni ya kweli. Unakaa chini karibu na ardhi, hivyo kilomita 60 kwa saa unazihisi kama 100, na mikorosho ikichanua harufu yake unaipata yote. Upepo hupita juu ya kioo cha mbele, kisha hugeuka na kukurudia kisogoni. Ukipandisha vioo vya pembeni utapungua.

Ila jua letu halina simile. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kwenye Oktoba 20 hivi jua la saa sita husimama utosini. Funua paa asubuhi na jioni. Penye barabara ya vumbi, ukiwa nyuma ya lori, lifunge, la sivyo utafika mwekundu kama tofali.

Tatizo kubwa ni kimo. Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, tumbo lake liko takriban sentimita 14 tu kutoka ardhini. Matuta yatalikwangua. Tena paa ndilo huipa bodi ugumu. Likikosekana, kila rasta utaisikia mgongoni.

Ushauri wangu: liwe gari la pili. Korosho mwachie Hilux.