Mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza kabla ya kupewa uji

Mtu akipatwa na kiharusi, jamaa huharakisha kumpelekea uji au chai hospitalini ili apate nguvu. Nia yao ni njema, lakini kijiko hicho cha kwanza kinaweza kuhatarisha maisha yake.

Kooni mna njia ya chakula na njia ya hewa. Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi. Kiharusi kikidhoofisha misuli ya kinywa na koo, haifungiki sawasawa, na uji huteremka mapafuni na kuleta nimonia. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa. Wagonjwa wengine wa kiharusi hupaliwa kimya kimya, bila kukohoa hata mara moja.

Wataalamu wa kumeza ni wachache nchini. Hata hivyo, muuguzi aliyefunzwa anaweza kumpima mgonjwa kitandani. Kwanza huhakikisha kwamba yu macho na anaweza kuketi wima. Kisha humpa maji kwa kijiko cha chai, na baadaye kwa kikombe. Mgonjwa akikohoa, sauti yake ikiwa ya majimaji au pumzi ikibadilika, muuguzi huacha mara moja. Hapewi kitu kwa mdomo, hata tembe, mpaka achunguzwe zaidi. Huenda akalishwa kwa mpira wa puani.

Je, mafunzo haya yana faida? Huko Australia, utafiti uliotolewa mwaka wa 2011 ulihusisha vitengo 19 vya kiharusi. Katika baadhi yavyo, wauguzi walifunzwa kudhibiti homa, kudhibiti sukari ya damu na kushughulikia matatizo ya kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 42, ikilinganishwa na asilimia 58 kwingineko.

Wewe muuguzi au tabibu, omba ufunzwe kipimo hiki. Nawe uliye na mgonjwa wodini, kabla ya kufungua chupa ya uji, uliza: "Je, amepimwa kumeza?"

Akiruhusiwa kula, mketishe wima na umpe kidogo kidogo. Ngoja ameze kabla ya kumwongezea. Msafishe kinywa kila siku, na asilale mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Usimlishe kamwe akiwa amelala chali au akisinzia.