Tendo na Jina la Tendo: Uingizaji na Utoaji wa Taarifa katika Lugha ya Programu ya Haskell

1.0 Utangulizi

Lugha za programu za kompyuta zilizojengwa juu ya dhana ya funksheni hukabiliwa na swali ambalo lugha nyingine hazilioni kuwa ni swali: programu itasomaje maneno ya mtumiaji na kuandika jibu kwenye skrini, ilhali funksheni, kwa maana yake ya kihisabati, haitendi lolote? Funksheni hupokea thamani na kurudisha thamani. Funksheni ya kipeuo cha pili ikipewa 9 hurudisha 3, leo na kesho. Makala hii inajadili jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika Haskell, lugha ambayo kamati ya wataalamu ilianza kuibuni mwaka 1987 na kuipa jina la mwanamantiki wa Kimarekani, Haskell Curry. Tunadai kwamba jibu hilo linaeleweka vema kwa msaada wa kategoria ambayo mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anaijua tayari, yaani kitenzi-jina.

2.0 Kiini cha Tatizo

Tuchukulie kuwa ipo funksheni iitwayo soma, ambayo kila inapoitwa husubiri namba kutoka kwenye kibodi. Kihisabati, soma + soma ni sawa na 2 × soma. Lakini mtumiaji akiandika 3 na kisha 5, usemi wa kwanza utaleta 8, na wa pili, ambao husoma mara moja tu, utaleta 6. Hivyo kanuni ya kubadilishana vilivyo sawa imevunjika. Hasara hiyo si ndogo, kwani ni kanuni hiyo inayomwezesha mwandishi wa programu, na kompaila pia, kufupisha na kupanga upya usemi bila hofu ya kubadili maana yake.

Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, na ML, iliyoasisiwa Edinburgh katika miaka ya 1970 chini ya Robin Milner, zilikubali hasara hiyo. Ziliweza kuivumilia kwa sababu humo hoja za funksheni hukokotolewa kabla ya funksheni yenyewe, na kwa hiyo mpangilio wa matendo hutabirika. Haskell haikuwa na nafasi hiyo. Yenyewe huahirisha ukokotoaji hadi thamani ihitajike, na kwa hiyo kusoma kulikofichwa ndani ya funksheni kungeweza kutokea kwa kuchelewa, au kutotokea kabisa.

3.0 Majibu ya Awali

Ripoti ya kwanza ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, iliichukulia programu kuwa funksheni inayopokea orodha ya majibu na kurudisha orodha ya maombi. Kwa kuwa orodha hizo nazo huahirishwa, programu iliweza kutoa ombi kabla jibu lake halijafika. Utaratibu huo ulihifadhi usafi wa funksheni, lakini ulimtwika mwandishi mzigo wa kulinganisha kila jibu na ombi lake. Aliyelichungulia jibu kabla ya kutoa ombi aliikwamisha programu yake.

Lugha ya Clean, iliyobuniwa Nijmegen, Uholanzi, ilifuata njia nyingine. Humo ulimwengu wenyewe hupitishwa kama thamani kutoka tendo moja hadi jingine, na mfumo wa aina huhakikisha kwamba thamani hiyo haitumiwi mara mbili.

4.0 Jibu la Monadi

Mwaka 1989 Eugenio Moggi alionyesha kuwa dhana ya kihisabati iitwayo monadi yaweza kueleza ukokotoaji wa namna nyingi. Philip Wadler aliihamishia katika uandishi wa programu, na mwaka 1993 yeye na Simon Peyton Jones walieleza namna ya kuitumia katika kuingiza na kutoa taarifa. Toleo la Haskell 1.3 la mwaka 1996 liliufanya utaratibu huo kuwa rasmi.

Hapa ndipo kitenzi-jina kinapotufaa. Katika sentensi "Kusoma kumemchosha", neno "kusoma" ni jina: linatawala upatanisho na laweza kuwa kiima. Aidha, kulitamka si kusoma. Vivyo hivyo, getLine ya Haskell si mstari wa maneno, bali ni jina la tendo ambalo likitekelezwa litaleta mstari wa maneno. Tazama mfano:

salamu :: IO ()
salamu = do
  jina <- getLine
  putStrLn ("Hujambo, " ++ jina)

Mstari wa kwanza unatangaza aina: salamu ni tendo linalogusa ulimwengu wa nje. Mistari inayofuata inaunganisha matendo mawili kwa mpangilio, na alama ya mshale inalipa jina tokeo la tendo la kwanza ili la pili lilitumie. Tukiiweka salamu mara tatu katika orodha, hakuna aliyesalimiwa bado. Utekelezaji huanzia kwenye tendo moja tu, main, na tendo lisilofikiwa kutoka hapo halitekelezwi.

Sasa turejee kwenye mfano wa soma. Ikiwa soma ni jina la tendo, soma + soma haiandikiki, kwa kuwa majina ya matendo hayajumlishwi kama namba. Anayetaka namba mbili hana budi kutaja kusoma mara mbili, kwa mfuatano. Kanuni ya kubadilishana vilivyo sawa imesalimika.

5.0 Hitimisho

Jibu hili lina mipaka. Aina ya IO husema kwamba tendo lipo, lakini haisemi ni tendo gani: kumsalimu mtu na kufuta faili hubeba alama ileile. Hata hivyo, faida yake ni kubwa. Msomaji wa programu ndefu akiona funksheni isiyo na alama hiyo, kwa kawaida aweza kuichunguza peke yake, kwa kalamu na karatasi, bila kuuliza nini kimetokea kwingine. Kwa kutenganisha tendo na jina lake, Haskell imeruhusu programu izungumze na ulimwengu bila kuinyang'anya funksheni maana yake ya kihisabati.